Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tulikuwa na futari mbili za pamoja, baraza la Idi, safari ya watoto kwenye mji wa pwani wa Bournemouth hapa Uingereza, darasa la Kiswahili la Jumamosi, na misiba miwili tuliyochangia. Mapato, ada na michango pamoja, pauni 4,310. Matumizi pauni 4,865. Upungufu wa pauni 555 tumeutoa kwenye akiba. Vitabu viko kwa mweka hazina.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa kwenye simu kuliko vikaoni.

Siku ya Idi mtoto wa miaka tisa mwenye mzio alikula kashata ya karanga. Midomo ilivimba, sauti ikakauka, akawa anavuta pumzi kwa shida. Mama yake alikuwa ameenda kuegesha gari. Mwenzetu mmoja wa kujitolea alitoa sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, kwenye mkoba wa mtoto mwenyewe, akamchoma pajani juu ya suruali, akamwegemeza ukutani miguu imenyooshwa, huku mwingine akipiga 999, namba ya dharura. Kesho yake mtoto alirudi nyumbani.

Wiki ile ile nililetewa barua yenye saini 14, ikitaka wahudumu wetu wakatazwe kugusa sindano kwa sababu si madaktari na chama kitashtakiwa. Niliikataa. Kisha kamati, chini ya uongozi wangu, ilitumia pauni 780 kuwapeleka watu sita mafunzo ya huduma ya kwanza na kuongeza bima. Nimelaumiwa kwamba sikuuliza wanachama. Mkutano niliuitisha Machi. Walikuja 11 kati ya 86, na akidi ni 29. Niliwasubiri hadi saa tatu usiku.

Hofu yenu naielewa. Wengi tumekua tukiona majeruhi akiulizwa PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya dawa, na anayemsaidia mtu barabarani akigeuka shahidi polisi. Lakini hapa tuko Uingereza, na sheria nimeisoma mwenyewe, usiku baada ya kazi. Kwa kawaida dawa ya cheti cha daktari haichomwi na mtu yeyote tu. Kanuni za Dawa za Binadamu za mwaka 2012, kanuni ya 238 na Jedwali la 19, zinaitoa adrenalini kwenye katazo hilo: katika dharura, kwa ajili ya kuokoa maisha, mtu yeyote anaweza kuichoma. Hakuna sharti la kuwa daktari wala muuguzi. Tena sheria ya mwaka 2015, inayoitwa SARAH, inaitaka mahakama ya England na Wales, ikisikiliza dai la uzembe, izingatie kama mtu aliingilia kumsaidia aliye hatarini.

Sisemi kwamba ni kinga kamili. Mtu akifanya uzembe anaweza kushtakiwa, na ndiyo maana nikasisitiza mafunzo na bima. Ni kweli pia kwamba sheria ya hapa haimlazimishi mpita njia kumwokoa mtu. Mtoto yule hakuwa mgeni, ni mtoto wetu. Mimi sitatia saini amri ya kumwambia mtu mwenye sindano mkononi asubiri ambulensi.

Waliotaka chama kinunue sindano zake, wajue kwamba ruhusa ya tarehe 1 Oktoba 2017 ya kununua bila cheti ilipewa shule, si vyama kama chetu. Kwa hiyo mwenye mzio aje na zake, mbili, maana dakika tano zikipita bila nafuu huhitajika ya pili.

Wanaosema pauni 780 ndizo zilizoleta upungufu, waangalie ada. Waliolipa pauni 60 ni 37. Watu 49 hawajalipa hata senti, nazo ni pauni 2,940. Baadhi ya walioweka saini wamo humo. Majina sitataja, lakini imeniuma.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia uwezekano wa kufundisha kundi la pili, na kuweka vibandiko kwenye sahani zenye karanga, korosho na ufuta. Tarehe tutatangaza. Daftari la ada liko mlangoni, na mweka hazina atakaa hadi wa mwisho atoke.

Mwenyekiti