Barua kwa mwanangu: guta lako la theluji

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu; yeye bado anaamini kwamba baridi ya Lushoto ndiyo mwisho wa baridi duniani.

Picha za guta la mota unalolitengeneza, ulizonitumia kutoka Oulu huko Finland, nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Wazo la magurudumu matatu nimelikubali, kwa sababu baiskeli ya kawaida kwenye barafu ikiteleza humwangusha mtu, ilhali ya magurudumu matatu husimama yenyewe. Lakini kusimama si kukata kona. Unalikumbuka lile guta nililolitengeneza ulipokuwa darasa la nne? Nilichomelea magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye ekseli moja, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya kwanza tulilipakia machungwa ya Muheza, na nilipoingia kona ya sokoni gurudumu la ndani, ambalo njia yake ni fupi, likalazimika kuzunguka sawasawa na la nje. Guta likang'ang'ania kwenda mbele, nikauvuta usukani kwa nguvu, na mzigo uliokuwa umepanda hadi kifuani ukatupindua sote. Watoto wa mtaa mzima walikula machungwa siku ile.

Katika picha yako ya tatu ekseli ni ileile. Ama utie difu, ile gia inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, kama ilivyo kwenye bajaji, ama mota isukume gurudumu moja tu na lingine lizunguke huru kwa gololi zake. Mimi ningechagua hili la pili kwa urahisi wake, ingawa gurudumu linalosukuma peke yake huteleza mapema, kwa hiyo livishe tairi la misumari. La mbele nalo usilisahau, maana ndilo linaloshika njia.

Betri uliyoifunga nyuma ya siti iteremshe chini kabisa ya fremu, kwa sababu ileile ya machungwa. Seli 13 za lithiamu zilizounganishwa kwa kufuatana zikijaa hufika volti 54.6, basi weka fyuzi karibu na betri yenyewe, si kule kwenye mota. Baridi itakupunguzia safari, na hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa kuwa lithiamu, badala ya kuingia ndani ya grafiti, ile kaboni iliyomo kwenye seli, hujipaka juu yake kama utando wa metali, na uharibifu huo haurudi nyuma. Seli yaweza hata kupiga shoti ndani kwa ndani. Iingize nyumbani, iache saa kadhaa ipate joto la chumba, ndipo uchomeke chaja.

Kuhusu mota ya wati 500, nijuavyo sheria ya Ulaya huihesabu kuwa baiskeli ile isiyozidi wati 250 na inayoacha kukusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Ulizia kabla hujanunua.

Kama barabara zenu humwagiwa chumvi, paka rangi viungo vyote vya kuchomelea, maana baiskeli za wavuvi wa Sahare huanza kuliwa na kutu hapo hapo.

Usichomelee ekseli kabla sijaona picha nyingine. Na upime mlango wa stoo yenu leo hii, kwa sababu lile guta, kama mama yako anavyopenda kunikumbusha, lilitoka uani baada ya kubomoa ukuta.

Baba yako