Barua ya Wazi kwa Waziri wa Leba: Anayepanga Bei ya Kazi Awajibike kwa Mfanyakazi

Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu kandarasi za mwezi mmoja mmoja wanazopewa vijana wanaofanyia kampuni za ng'ambo kazi za kompyuta hapa Nairobi. Nilikuwa mmoja wao. Kwa miezi 19 nilipanda matatu pale Pipeline kila jioni kwenda zamu ya usiku katika jumba moja kando ya Barabara ya Mombasa, ambako kazi yangu ilikuwa kuchora visanduku kuwazunguka watu, baiskeli na taa katika picha za mitaa ambayo sijawahi kuikanyaga, ili magari yafundishwe kujiendesha. Kila mwisho wa mwezi tulipanga foleni mbele ya meza ya msimamizi kutia sahihi kandarasi nyingine ya siku 30. Mwezi wa 20 hapakuwa na foleni. Tuliletewa ujumbe wa simu kwamba mteja amesitisha mradi, na kwa kuwa kandarasi ilikuwa imefika ukingoni, tukaambiwa hatuna notisi wala malipo ya kuachishwa kazi ya kudai.

Mteja huyo simjui hadi leo, maana katika karatasi zetu alifichwa nyuma ya jina la kupanga. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeamua picha moja ichukue sekunde ngapi, makosa mangapi yavumiliwe na saa moja ya kazi yetu ina thamani gani. Kampuni iliyoniajiri iligawa kilichoachwa mezani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikumwona mteja huyo. Kifungu cha 37 kinamnusuru kibarua wa kutwa anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, lakini sisi hatukuandikwa kama vibarua. Kifungu cha 40 kinamdai mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja, pamoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa, lakini kwa karatasi hakuna aliyepunguzwa. Muda ulikwisha tu. Hivyo Kifungu cha 41 cha Katiba, kinachompa kila mfanyakazi haki ya ujira unaofaa, kikabaki kwetu maneno ya kusomwa.

Kila tulipolalamika tuliambiwa kwamba mshahara ukipanda wateja watahama. Naomba hoja hiyo ipimwe kwa hesabu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba mkataba kati ya OpenAI, waundaji wa ChatGPT, na Sama, kampuni iliyowaajiri wafanyakazi wa kazi hiyo Nairobi, ulitaja dola 12.50 kwa saa, ilhali wafanyakazi wa Nairobi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 hivi. Sama ilieleza kwamba dola 12.50 hizo zilikuwa za kugharamia mambo mengine pia, na ni haki kulitaja hilo. Hata hivyo, ukizidisha dola 2 mara tatu bado hujafikia dola 7.25, kima cha chini cha mshahara kwa saa cha serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2009. Nafasi ya kumwongeza mfanyakazi ipo, na mteja akabaki na faida yake.

Sikatai kwamba kazi huhama. Kazi ya kuchuja maudhui ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, iliondoka hapa baada ya wafanyakazi kwenda kortini, na mwaka 2025 tukasikia malalamiko yaleyale kutoka Accra. Hilo linanionyesha kwamba wizara yako inapaswa kuzungumza na wenzako wa Ghana, Uganda na Rwanda kuhusu kiwango kimoja cha ulinzi, ili anayekimbia korti ya Nairobi asipate mwanya mahali pengine.

Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Ndiyo maana nilishtuka kuona mswada wa marekebisho ya sheria za biashara wa mwaka huohuo ukitaka kumwondolea mteja dhima ya madai ya wafanyakazi wa kampuni anayoipa kazi. Mheshimiwa, kifungu cha aina hiyo kingemfungia nje mtu yuleyule anayeshika mizani.

Nakuomba uupinge waziwazi mpango wowote wa namna hiyo. Nakuomba pia upeleke Bungeni marekebisho yatakayomfanya mteja awajibike pamoja na mwajiri kwa mishahara, matibabu na malipo ya kuachishwa kazi, jina lake liandikwe katika kandarasi, na kandarasi fupi zinazorudiwa kwa kazi ileile zihesabiwe kuwa ajira moja tangu siku ya kwanza. Halafu uwatume maafisa wa leba katika majumba hayo usiku, wakati watu wako kazini.

Ndimi wako mtiifu,
Aliyekuwa mfanyakazi wa zamu ya usiku,
Pipeline, Embakasi, Nairobi