Risala ya Klabu ya Uchumi kwa Mgeni Rasmi, Nansio, Ukerewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakushukuru kwa kuvuka ziwa kuja kutusikiliza. Mwaka huu klabu yetu imejifunza jinsi taifa dogo la visiwa linavyoifanya ya kisasa mifumo yake ya malipo na utambulisho. Tulichagua Bahama, kwa kuwa wakazi wake wametawanyika visiwani kama sisi wa Ukerewe.

Bahama ina visiwa takribani 700, na vinavyokaliwa ni 30 hivi. Matawi ya benki yalipofungwa katika visiwa vya pembeni, wakazi walilazimika kusafiri ili kuzifikia fedha zao wenyewe. Benki Kuu yao ikaanza kujaribu fedha ya kidijitali, Sand Dollar, katika visiwa vyao vya Exuma mwishoni mwa 2019, kisha ikaieneza nchi nzima Oktoba 2020. Kilichotugusa zaidi ni kwamba asiye na kitambulisho haachwi nje: hufunguliwa pochi ya simu isiyozidi dola 500, na kiwango hicho hupanda akishathibitisha yeye ni nani. Tunauona utaratibu huo kuwa wa haki. Hata hivyo, miaka kadhaa baadaye fedha hiyo ilikuwa bado haijafikia asilimia 1 ya fedha zilizo katika mzunguko, na wafanyabiashara wengi walikuwa hawajajiunga.

Hapa kwetu hali ni kinyume. Fedha za simu tumezizoea tangu 2008, na mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, dagaa hununuliwa kwa simu. Kinachokwamisha ni utambulisho. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Hivyo kijana wa kisiwa jirani cha Ukara aliyetimiza miaka 18 bila kupata namba hiyo hutumia laini ya mzazi au ya jirani, na jasho lake la ziwani huingia kwa jina la mtu mwingine. Mwenye laini akifariki, au wakikosana, kijana huyo hana cha kumwonyesha wakala wala hakimu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba utufikishie kwa wahusika ombi letu: mashine za uandikishaji ziletwe mialoni, visiwa vidogo vikitangulia, na ratiba ipangwe wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na wengi wao huwa nyumbani.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Uchumi