Shangazi, mawimbi hayo ya ubongo si ahadi, lakini si ya kupuuza

Shangazi, shikamoo.

Daktari amekwambia mgonjwa wetu ana dalili za usingizi, nawe umeniuliza mtu aliye kwenye koma (aliyepoteza fahamu kabisa) anawezaje kuwa na "dalili za usingizi" wakati tangu siku ya kwanza anaonekana amelala. Nakujibu hapa hadharani, maana najua si wewe peke yako unayeuliza.

Koma si usingizi. Aliyelala ukimfinya anaamka. Aliye kwenye koma hafumbui macho. Ila ndani kabisa, ubongo wake huenda bado unajaribu kulala. Zile nyaya alizobandikwa mgonjwa wetu kichwani, zinazopima umeme wa ubongo, ndizo zinazoonyesha hilo. Daktari hutafuta spindo, yaani mawimbi ya ubongo ya usingizini: mapigo 11 hadi 16 hivi kwa sekunde, yanayoanza madogo, yanavimba, kisha yananywea, yote ndani ya sekunde moja au mbili. Huanzia kwenye thalamasi, katikati ya ubongo, na kupokezana na gamba la juu la ubongo. Zikionekana vizuri, ujue mawasiliano ya pande hizo mbili hayajakatika. Fahamu nayo huyahitaji mawasiliano hayohayo.

Mwaka 2025 timu ya Jan Claassen, daktari wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ilitoa matokeo ya wagonjwa 226. Kama theluthi yao walikuwa na spindo nzuri. Baadhi, wakiambiwa wafumbe na kufumbua kiganja, ubongo uliitikia ingawa mkono haukusogea. (Hapo mimi nilisisimka mwili.) Waliokuwa na yote mawili, asilimia 76 walionyesha fahamu kabla ya kutoka hospitali, na baada ya mwaka asilimia 41 waliweza kujihudumia mchana. Wasio na lolote kati ya hayo: asilimia 29, na 7. Hata hivyo, unaona kwamba hata kati ya hao wasio na lolote, wapo waliorudiwa na fahamu. Kwa hiyo asije mtu akakukatisha tamaa kwa karatasi moja ya kipimo, wala asikuahidi kitu kwa karatasi hiyohiyo.

Kesho muulize daktari: alipopimwa, alikuwa kwenye dawa gani za kutuliza? Propofoli, kwa mfano, huweza kuleta mawimbi yanayofanana na hayo. Kama alikuwa nayo, uliza kama watampima tena ikishapunguzwa, na usiku kucha, si nusu saa ya mchana.

Halafu waombe wauguzi, kwa upole wako uleule, wapunguze taa na kelele usiku pale inapowezekana. Ubongo unaojaribu kulala uachwe ulale.