OCD kwa vijana isichukuliwe poa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu afya ya akili kwa wanafunzi wa sekondari, nashukuru mmeigusa ila OCD, yaani ugonjwa wa akili wa mawazo yanayojirudia bila kutakwa na vitendo ambavyo mtu anajikuta analazimika kuvirudia, hamkuitaja kabisa na huu ugonjwa mara nyingi unaanza utotoni au kwenye ujana huohuo. Mtoto ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, anarudi kukagua kitasa mara kibao, au huoni chochote ila kichwani anasumbuliwa na mawazo ya kutisha kwamba atamdhuru mdogo wake, mawazo asiyoyataka kabisa na yanamtia aibu mpaka kumwambia mama anashindwa. Huyo hajarogwa jamani, na kumwambia "acha tu" haisaidii maana angeweza angeshaacha zamani.

Tiba ipo. Mgonjwa anazoezwa na mtaalamu kukabili kidogokidogo kinachomtisha bila kurudia kile kitendo, na dawa zipo pia. Naomba walimu wa malezi hapa Dar wafundishwe dalili hizi, na mzazi akiona zinamla mwanae muda wa masomo aanzie hospitali ya karibu, iwe Temeke au Amana, aulizie rufaa ya Muhimbili idara ya magonjwa ya akili, hata kama na maombi anaendelea nayo.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam