Kuhusu kumwogesha mbwa wenu

Goma, Jumapili jioni

Mpendwa Dada Noëlla,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi sote tu wazima, na tumefurahi kusikia kwamba nanyi huko Bukavu hamjambo. Barua yako imenifikia, na kilichonigusa kuliko yote ni habari ya mbwa wenu, anayejikuna usiku kucha ingawa watoto wanamwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya unga. Nakujibu kwa upana kwa sababu naamini kwamba huenda kuoga kwenyewe, kwa namna hiyo, ndiko kunakomwasha.

Tafadhali iacheni kabisa sabuni ya kufulia. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, na haina asidi nyingi kama yetu: pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ni asidi zaidi) ya ngozi ya binadamu hukaribia 5.5, ilhali ya mbwa hukaribia 7. Sabuni ya unga imetengenezwa ili iondoe mafuta kwenye nguo, na mafuta ndiyo yanayoikinga ngozi ya mnyama. Yakiondolewa kila wiki, ngozi hukauka, naye hujikuna hadi kujitia vidonda. Hata sabuni yetu ya kuogea haimfai sana. Ulizieni shampuu ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Ikikosekana, maji matupu ya uvuguvugu ni heri kuliko sabuni kali. Mbwa mwenye afya na manyoya mafupi kama wenu anatosheka kuoga mara moja kwa mwezi, au anapokuwa amechafuka kweli.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni kumsuuza. Sisi wa Goma, ambao maji tunayahesabu kwa bidoni, tunajua jinsi mtu anavyoyamaliza katika kupaka povu, kisha akasuuza kwa kopo moja na kuridhika kwa sababu mbwa anang'aa. Povu linalobaki kwapani, tumboni na katikati ya vidole huwasha kwa siku kadhaa. Mimi hutenga nusu bidoni ya lita 20 kwa kumlowesha mbwa wetu Bobi na bidoni nzima kwa kumsuuza, na siachi mpaka maji yanayochuruzika yawe safi na manyoya yasiteleze tena mkononi.

Kabla ya maji, mchaneni kwa brashi, kwa kuwa manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza zaidi. Anzeni kupaka shampuu shingoni, mzungushe pete ya povu, kwa maana viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani na masikioni. Uso ufuteni kwa kitambaa chenye maji tu. Masikioni msimwage maji hata kidogo. Unyevu unaobaki ndani huleta ugonjwa, na ukisikia harufu mbaya au ukiona anatikisa kichwa mara kwa mara, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kwa kuwa mji wenu, kama wetu, uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na upepo wa ziwa ni wa baridi, mwogesheni saa nne au saa tano asubuhi, mumkaushe kwa taulo hadi chini ya masikio, ili jioni isimkute amelowa.

Huo ndio wakati mzuri wa kumkagua mwili mzima. Kupe akionekana, mkamateni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni taratibu bila kumpinda. Msimmwagie petroli wala kumchoma kwa kiberiti, kwa maana mtaiunguza ngozi ya mbwa, na kupe anayesumbuliwa anaweza kutapika ndani ya kidonda vijidudu vya magonjwa anayobeba. Kucha nazo zinahitaji macho. Bobi hukimbia juu ya mawe ya lava, mengine yaliyoletwa na volkano ya Nyiragongo mnamo Januari 2002, kwa hiyo kucha zake hujisaga zenyewe. Huko kwenu, kwenye udongo laini, zitarefuka upesi. Usisahau ule ukucha wa pembeni, ulio juu kidogo kwenye mguu wa mbele. Haugusi ardhi popote, na ukiachwa hujipinda mpaka ukaingia nyamani. Kateni ncha tu, kwa sababu ndani mna mshipa wa damu usioonekana katika kucha nyeusi.

Ninakuomba sana jambo moja kuhusu paka wa mama mkwe. Dawa ya viroboto ya mbwa, hasa yenye permethrin (kemikali ya kuulia wadudu), isimguse kamwe. Ini la paka haliwezi kuivunja, naye huanza kutetemeka na anaweza kufa. Mkimpaka mbwa dawa hiyo, watenganisheni mpaka ikauke kabisa. Paka mwenyewe hujilamba na kujisafisha, na akiwa mzima hahitaji kuogeshwa, mchaneni tu.

Wiki ijayo shemeji yako anakuja Bukavu kwa boti, na nitampa brashi yenye meno laini pamoja na chupa ya shampuu. Simamisheni kuogesha kwa wiki tatu, kisha uniandikie hali ya ngozi yake. Kama atakuwa bado anajikuna, au manyoya yanapukutika kwa mabaka, msingoje barua yangu. Mpelekeni kwa daktari.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Furaha