Barua kwa Salim kuhusu kalenda za Dunhuang

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu sana. Nimekawia kukujibu kwa sababu ambazo Mwalimu Bakari amekwisha kukusimulia, bila shaka kwa kutia chumvi.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni lile neno lako kwamba kalenda za Wachina ninazozisoma ni upuuzi wa wapiga ramli, na kwamba mwanahistoria hana haja nazo. Hapo hatupatani hata kidogo.

Kalenda kongwe iliyopatikana Dunhuang, mji wa kale wa kaskazini-magharibi mwa China, ile ya miaka 450 na 451, ni fupi mno. Ukija karne ya 9 na ya 10, kila siku imejazwa maelezo: jina lake katika mzunguko wa siku 60, mojawapo ya hali 12 zinazopokezana, kisha ruhusa na makatazo ya kuoa, kuzika, kuhama nyumba, kuosha nywele, hata kukata kucha. Siku nyingine huelezwa roho ya mtu imekaa katika kiungo gani, ili tabibu asidunge sindano wala kuchoma mahali hapo. Kwa hiyo watu walikuwa wakinunua saadi na nuhusi, na tarehe ilifuatana nazo tu.

Serikali nayo ililijua hilo. Kutoa kalenda kulikuwa haki ya mfalme, lakini mwaka 835 ofisa mmoja, Feng Su, alilalamika kwamba huko kwenye majimbo ya Sichuan na Huainan kalenda zilizochapwa kwa vibao vya mbao zilikuwa zikiuzwa sokoni kabla idara ya falaki haijatoa ya mwaka mpya. Aliomba zipigwe marufuku. Lakini kalenda ya mwaka 882, ambayo leo imo London, inataja waziwazi nyumba ya Fan Shang wa Chengdu, mji wa Sichuan hiyohiyo, iliyoitoa. Dunhuang kwenyewe, baada ya kutekwa na Watibeti, wenyeji walijitungia kalenda zao, nazo mara nyingine zilipishana na za mfalme kwa siku moja. Kalenda ya mwaka 956 ina jina la mtungaji wake, Zhai Fengda.

Siku moja! Na hapa ndipo ninapotaka ukae kitako. Mfalme Xizong wa China alipokimbilia Sichuan, kalenda rasmi hazikufika mashariki, na wachuuzi wakagombana sokoni kwa kuwa mwezi wa huyu haukuishia siku moja na wa yule. Walipopelekwa mbele ya mkubwa wa mahali, aliwaambia kwamba wao ni wafanyabiashara wenzi, na siku moja au nusu ni jambo dogo, akawafukuza. Aliyekisimulia kisa hicho alisikitika, kwa maana waliochagua siku njema kwa kalenda hizo walipotoshwa wengi. Mimi hucheka kila nikikisoma, kisha nafikiria aliyemzika baba yake kwa kuifuata kalenda ile, na kicheko hukatika.

Sasa niambie: ni shangazi yetu yupi atakayeoza binti bila kuulizia siku? Kama ni upuuzi, mbona serikali iliugombea? Je, waweza kuuliza pale British Library, maktaba ya huko London, kama kalenda nyingine ya Dunhuang, ya mwaka 877, imewekwa mahali pa kuonekana? Na ukiiona, utanieleza wino wake umefifia kiasi gani, na kama michoro iliyo kati ya maandishi inasomeka kwa macho matupu?

Wako,
Hamadi